Visima vinaingia chumvi na vikao vya wadau havizai kitu, tuanzie wapi?

BintiPwani
Asalaam alaykum. Sie huku pwani ya mashariki Unguja visima vya shehia vinazidi chumvi hasa kiangazi, kila tukiitwa semina ya usimamizi shirikishi wa maji tunaandikwa majina tunarudi majumbani, hoteli zinatuma mtu asiyeweza kuamua kitu na wakulima wa mboga hawaitwi kabisa. Aliyewahi kuifanya kazi hii anieleze, mpaka watu wakubaliane kitu cha kutekelezeka mnaanzia wapi?

FundiPampu
Waalaykum salaam dada. Anzeni na vipimo, kikao baadae. Chini yetu ni mawe ya matumbawe, mvua inazama na maji matamu yanaelea juu ya maji ya bahari, na kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari ina kama mita 40 chini yake, sasa mkivuta mpaka usawa wa maji kisimani ushuke nusu mita, kwa kadri muda unavyokwenda chumvi inaweza kupanda hadi mita 20! Ndo maana pampu kubwa moja inayovuta usiku kucha ni hatari kuliko ndogo kadhaa zilizotawanywa. Vijana wa shehia na fundi wa hoteli wapime chumvi na kina pamoja, visima vyao na vyenu, kila wiki. Namba mliyoisoma wote nani ataikataa?

MamaWete
Na saa ya kikao jamani! Wanakiweka saa tatu asubuhi, wanawake tupo foleni ya maji. Misingi ya Dublin ya 1992, ile ya kimataifa ya usimamizi wa maji, imesema wazi mwanamke ni kiungo mkuu katika maji, basi mfuateni kisimani au muitane alasiri. Huku Pemba kwenye mabonde ya mpunga, mkulima wa juu akizuia maji, wa chini anakosa, kinachosaidia ni zamu inayojulikana na kila mtu, na mtu wa kuisimamia.

Mjini_Unguja
Mkishakubaliana saa za kuvuta andikeni, sheha asaini, mpeleke ZAWA (Mamlaka ya Maji Zanzibar), kwa Sheria ya Maji ya 2006 usimamizi wa maji ni kazi yao. Na makaro ya vyoo karibu na visima yaingie humo humo, mawe yale hayachuji uchafu.

BintiPwani
Ahsanteni sana. Kipimo cha chumvi akae nacho nani? Tukimpa sheha hoteli watalalamika.

FundiPampu
Mpeni mwalimu wa sayansi wa skuli, daftari libandikwe nje kila mtu asome. Anzeni kabla ya masika ili muone mvua inarudisha kiasi gani.