My Fair Lady kwa macho ya leo, hapa Mwanza: tupeane uzoefu

Wakuu, mchezo huu wa nyimbo wa mwaka 1956, ambamo Profesa Higgins anamfundisha Eliza, muuza maua wa London, kuzungumza Kiingereza cha wakubwa, bado unachekesha. Ila ule mwisho, Eliza anarudi halafu Profesa Higgins anajilaza kitini na kuulizia ndala zake, siku hizi ukumbi unaguna. Mnaufanyaje? Nataka mbinu, nadharia tunazo.

Mtunza Pazia: Usiguse maneno, badili miendo. New York mwaka 2018 mwongozaji Bartlett Sher alimshusha Eliza jukwaani akapita katikati ya watazamaji, akaenda zake. Shaw mwenyewe, mwenye tamthilia ya Pygmalion iliyozaa mchezo huu, hakutaka Eliza aolewe na Higgins. Achia njia kati ya viti, bendi ipige mpaka atoke mlangoni. Ukizima taa mapema watu watadhani umeme umekatika.

Dada wa Mwaloni: Mwisho ni kazi ndogo, mkuu. Shida ni lafudhi. Ukimgeuza muuza maua wa London kuwa muuza dagaa wa Mwaloni Kirumba, ukampa Kiswahili cha kuchekwa, umewatukana waliolipa kiingilio. Kicheko kihamie kwa mwalimu. Eliza amwambie ataje Ng'wanamalundi, yule mtu wa miujiza wa Wasukuma. Kila akijaribu itoke "Mwanamalundi", mara tatu, na kwaya imsahihishe. Kwa zoezi la r na l tumia sentensi kama "Lori la Rorya limelala Lalago". Ianze polepole, kasi ipande kila mzunguko. Ukianza mbio, kwaya itajikwaa kwenye Lalago.

Kinanda Pasiansi: Higgins si lazima awe mwimbaji. Rex Harrison, wa kwanza kuigiza nafasi hiyo, alizisema nyimbo kuliko kuziimba. Ndiyo maana muziki wa kurekodi haufai: akivuta neno moja tu, ameachwa. Weka kinanda, na mpigaji amwone mdomo.

Mtunza Pazia: Dada, hayo ya dagaa yana mtego. Lerner, mwandishi wa maneno ya mchezo huu, alifariki 1986, na Loewe, mtunzi wa muziki wake, 1988, hakimiliki bado hai. Kutafsiri, kuhamisha mandhari, hata kubadili wimbo mmoja, ni mpaka ruhusa ya maandishi. Shaw alifariki 1950, kwa hiyo Pygmalion kwa sheria yetu iko huru. Anzia hapo, tunga nyimbo zako, na jina la mchezo liwe lako.

Kinanda Pasiansi: Na mkifanyia nje karibu na ziwa, taa kali zikae mbali na waimbaji. Vidudu vya ziwani hufuata mwanga, na mwimbaji huvuta pumzi mdomo wazi.