Naombeni ushauri: figo ni moja, wanaoihitaji ni wawili

Habari zenu wandugu, nisaidieni mawazo maana silali. Mimi ni kundi la damu O, nimepimwa na daktari anasema naweza kutoa figo. Sasa shida ni kwamba kwetu wagonjwa ni wawili na vipimo vinakubali kwa wote.

Kuna brathe mkubwa, 51, ndiye alinilipia fees mpaka nikamaliza, lakini dawa za presha aliziacha na pombe hajaacha hadi leo. Halafu kuna mtoto wa sista, 22, yuko kampasi, ugonjwa ulimpata tu. Wote wanasafishwa damu mara mbili kwa wiki, masaa manne kila mara. Juzi nilimtoa huyu msichana kliniki tukapanda mat ya Kayole, akauweka mkono wangu pale kwa fistula yake, ule mshipa wa mkononi uliounganishwa wa kusafishia damu, nisikie unavyovuma chini ya ngozi, hakuniomba kitu, alinyamaza tu.

Mama anasema wa kwanza ni wa kwanza. Mimi naona aliyepewa figo lazima ameze dawa kila siku maisha yake yote mwili usiikatae, na brathe simwamini kwa hilo, ila tena nani amenipa ruhusa ya kumhukumu mtu aliyenisomesha?

Kununua hata msiniambie, sheria ya afya ya Kenya ya 2017 imekataza na mimi pia sitaki.

Aliyewahi kutoa figo, mliamuaje kwenu? Na yule mliyemkosesha mlimwambiaje?