Tupeane uzoefu: kupunguza dawa ya sonona kidogo kidogo hadi kuiacha

Jambo kwenu nyote. Ninaandika kutoka Bukavu, mtaa wa Nguba, na ninaomba tuweke hapa yale ambayo kila mmoja wetu aliyapitia ulipofika wakati wa kuachana na dawa ya sonona, ugonjwa ambao huku kwetu wengi huuita tu ugonjwa wa mawazo. Kuhusu kuanza dawa tumekwisha kusema mengi. Kuhusu kuimaliza, watu hunong'ona. Nina ombi moja kabla sijasimulia: asiwepo mtu wa kuchukua hesabu ya vidonge vya mwenzake na kuifuata kama yake, kwa kuwa dawa hutofautiana, miili hutofautiana, na aliyekuandikia ndiye anayejua sababu ya kukuandikia.

Mimi ni mwalimu. Mama yangu alipofariki nilifikia hali ya kukaa mbele ya sahani ya bugali na sombe nikiitazama hadi inapoa na kukauka juu, huku watoto wakinyamaza kwa ajili yangu. Daktari aliniandikia sertralini, miligramu 50 kila asubuhi, nami niliimeza kwa karibu miaka miwili. Ilinisaidia, sitaki mtu aelewe vingine. Nilirudi darasani, nikarudi kucheka.

Mara ya kwanza nilijiamulia peke yangu kuacha. Ilikuwa Jumatatu, nilijiona mzima, na fedha za dawa zilikuwa zinahitajika kwa karo. Siku ya tatu, nikipanda ngazi za udongo kutoka soko la Kadutu na kikapu begani, nilipogeuza macho tu kumtazama mtu aliyeniita, nilisikia kichwani kitu kama umeme unaokatika na kurudi kabla hujapata kiberiti. Kikatokea tena, kisha tena. Nilishika ukuta wa nyumba ya watu nisiowajua, na mama mmoja aliyekuwa akiuza unga wa muhogo akaniachia kigoda chake bila kuuliza neno. Usiku niliota ndoto zenye rangi kali kiasi kwamba asubuhi nilitafuta kitambaa cha mama ambacho nilikuwa nimekiona mikononi mwangu. Nililia kwa sababu ya chai iliyomwagika. Kufika siku ya tisa nilikuwa nimekata shauri kwamba ugonjwa umerudi, tena umerudi mkubwa kuliko zamani.

Mama mkwe aliita wanamaombi. Maombi siyadharau, ninaenda misa kila Jumapili, lakini kati ya watu saba waliokuwa sebuleni, hakuna aliyeuliza lile ambalo mdogo wangu aliliuliza akiwa bado mlangoni, viatu mkononi: "Yaya, kidonge cha mwisho ulikimeza lini?"

Tulirudi kwa daktari pamoja. Hakunigombeza. Alinieleza kwamba yaliyonipata ni mwili kudai kitu ulichozoea kukipata, na kwamba kuna namna ya kuyatofautisha na sonona yenyewe. Dalili za kuacha dawa huanza ndani ya siku chache na huja na mambo ambayo ugonjwa wangu haukuwahi kuwa nayo, kama kizunguzungu, kichefuchefu na yale mapigo ya umeme, na dawa ikirudishwa kwa kawaida hutulia ndani ya siku chache. Sonona ikirudi huja polepole, baada ya wiki au miezi, na huja na sura yake ile ile ya zamani. Nilimuuliza kama nimekuwa mlevi wa vidonge. Alisema mlevi hutamani kile kilevi na hukiongeza, na mimi sikuwahi kuvitamani hata siku moja. Ubongo umejipanga upya kuishi na dawa, nao unahitaji muda wa kujipanga upya kuishi bila dawa.

Kisha akageuza karatasi yangu ya matibabu akachora kilima. Sisi wa Bukavu vilima tunavijua kwa magoti. Alisema kazi ya dawa kichwani haipandi sawasawa na miligramu: zile za kwanza hufanya sehemu kubwa ya kazi, na zinazoongezwa juu yake huongeza kidogo tu. Kwa hiyo anayeshuka kutoka 50 hadi 25 anatembea juu ya kilima, mahali palipo karibu tambarare, mteremko mkali uko mwishoni, kati ya kipande kidogo kabisa na sifuri, yaani pale pale ambapo wengi wetu husema "sasa kimebaki kidogo, acha tu." Mimi nilikuwa nimeruka kutoka juu hadi ziwani.

Tulianza upya. Wiki sita za miligramu 25, wiki sita za 12 na nusu, kila hatua ikiamuliwa baada ya kuonana naye na si kabla. Mdogo wangu ndiye aliyekata vidonge, kwa wembe mpya, juu ya sahani ya bati iliyogeuzwa, kwa sababu mikono yangu ilikuwa na haraka. Robo hukatika vizuri. Ukiikata robo mara mbili, vipande havilingani kamwe, basi alivipanga kwa jicho, vikubwa vinywewe kwanza na vidogo vibaki mwisho. Kwenye kalenda ya parokia iliyotundikwa jikoni aliandika kila jioni kwa penseli alama za mambo matatu: usingizi, chakula, hasira. Alama ya hasira niliitaka niiweke mwenyewe, akakataa, akasema mwenye hasira hajioni. Alikuwa na haki. Siku moja ya wiki ya pili ya vile vipande vidogo ina alama nne za hasira, na mimi naikumbuka kama siku ya kawaida.

Wengine nao waseme.

Fundi wa Birere, Goma

Jambo sana, Mama Mwalimu. Yangu ilianza tarehe 22 Mei 2021, usiku wa volkano ya Nyiragongo, nyumba yetu ya Buhene ilipofunikwa na mawe ya moto. Baada ya siku chache tukatangaziwa tuondoke mjini, tukatembea hadi Sake na godoro kichwani, na tangu hapo sikulala tena kama mtu. Nilipewa fluoksetini, miligramu 20.

Mimi sikuacha kwa hiari. Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia mjini, uwanja wa ndege ukafungwa, benki zikafungwa, na kwenye farmasi niliyozoea dawa yangu ikaisha. Nilishangaa kwamba sikusikia chochote. Wiki ya kwanza hakuna, wiki ya pili hakuna, nikamwambia mke wangu kwamba kumbe nilipona zamani. Wiki ya nne mikono ikaanza kutetemeka juu ya bisibisi, nikawa ninaamka saa nane za usiku nikisikia harufu ya moshi ambao haupo. Baadaye muuguzi alinieleza kwamba fluoksetini hutoka mwilini polepole sana kuliko dawa nyingine za aina hiyo, ndiyo maana madai yake huchelewa, na anayefurahi mapema hufurahi bure.

Dawa ilipopatikana, shemeji yangu akanisukuma nipunguze papo hapo, kwa kuwa mwili ulikuwa umekwisha kuonja kuishi bila dawa. Muuguzi alikataa kabisa. Alisema huwezi kujua kama mguu umepona wakati unakimbia risasi. Nilirudi kwenye 20, nikangoja miezi mingi hadi kazi ya karakana iliposimama tena, ndipo tukaanza kushuka. Sasa ni mwezi wa tatu sijameza kitu. Mke wangu ana ruhusa ya kuniambia "leo uko mbali," nami nina wajibu wa kutokasirika. Sehemu ya pili ndiyo ngumu.

Papa wa Katuba, Lubumbashi

Nitakuwa mfupi. Mimi ni mstaafu, dawa yangu ilikuwa amitriptilini, vidonge vitatu vya miligramu 25 kila usiku. Daktari aliondoa kimoja kila mwezi. Viwili vya kwanza sikuvisikia. Cha mwisho kilinitoa jasho la kulowesha shuka na kuninyima usingizi kwa siku kumi, hadi tukarudi nyuma kwenye nusu kidonge kwa wiki tatu. Vijana, kurudi nyuma hatua moja si kushindwa, hata treni hurudi nyuma ili ibadili reli. Mama watoto alinikataza kahawa ya jioni na akafanya vizuri.

Mama Mapacha, Goma

Nimesoma nikafurahi, lakini nikiondoka bila kusema langu nitakuwa nimewadanganya. Mimi nilifanya yote hayo. Daktari alikuwepo, hatua zilikuwa ndogo, dada yangu alikuwa pamoja nami, na sikupata kizunguzungu hata kimoja. Nilimaliza vizuri. Mwezi wa nne baada ya kumaliza, nikaanza kuamka alfajiri na lile jiwe kifuani ambalo nalijua, nikaacha kuchana watoto nywele, nikaacha kujibu simu. Sikungoja liniangushe. Nilirudi kwa daktari, nikarudi kwenye dawa, na kwa kuwa ilikuwa mara yangu ya tatu kuugua, tumekubaliana kwamba nitaendelea nayo kwa miaka, pengine daima. Kuna jirani aliyeniambia nimekosa imani. Yeye mwenyewe anameza dawa ya presha tangu nilipomjua.

Muuguzi, Bukavu

Mama Mapacha, umefanya kama inavyopasa, na hauko peke yako. Katika utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2021, watu waliokuwa wametumia dawa hizi kwa muda mrefu na kujisikia vizuri kiasi cha kufikiria kuacha waligawanywa makundi mawili bila kujua nani anapata dawa ya kweli. Ndani ya wiki 52, ugonjwa uliwarudia 56 katika kila 100 ya walioachishwa, na 39 katika kila 100 ya walioendelea. Ninaziona namba hizo pande zote mbili: wapo wengi walioacha wakabaki wazima, na wapo walioendelea na bado wakaugua.

Kuhusu wakati wa kuanza kupunguza, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani tunaoutumia kwenye vituo visivyo na bingwa unataka mtu awe amekaa miezi 9 hadi 12 bila dalili au na dalili chache sana, akiwa anafanya shughuli zake za kila siku, ndipo jambo hilo lifikiriwe. Na kushuka kwenyewe kusipungue wiki nne. Kwa waliotumia dawa miaka mingi, wiki nne mara nyingi hazitoshi.

Kosa ninaloliona kila wiki ni la mtu kumeza leo, kuruka kesho, kumeza keshokutwa, akidhani amepunguza nusu. Sertralini na paroksetini hupungua nusu mwilini kwa muda wa siku moja hivi, kwa hiyo anayefanya hivyo anajipandisha na kujishusha kilima cha Mama Mwalimu kila baada ya siku moja. Punguza kipimo cha kila siku, usiruke siku. Pia msikate wala kuponda dawa bila kuuliza farmasi, maana vipo vidonge vilivyotengenezwa kutoa dawa taratibu, navyo vikikatwa humwaga yote kwa mara moja. Mama mjamzito asiache ghafla kwa hofu. Aje kwanza tuongee.

Na yeyote ambaye katikati ya safari hii anaanza kufikiria kujiua, asingoje siku ya miadi. Siku hiyo hiyo, usiku ule ule, amwambie mtu aliye karibu na apelekwe kwenye kituo. Wapo wanaofanya kazi hii: hapa kwetu Bukavu kuna SOSAME, Goma kuna Tulizo Letu, na Lubumbashi kuna kituo cha Joseph Guislain.

Mwalimu, Nguba

Asanteni. Fundi, ile ruhusa ya mke wako nimeiiba, nimempa mume wangu tangu jana, na amekwisha kuitumia mara mbili.

Kuna aliyeniuliza pembeni namna ya kumweleza mama mkwe. Mimi sikumweleza sonona, nilimweleza kalenda. Nilimpeleka jikoni nikamwonyesha alama za penseli, tangu zile siku zenye hasira nne hadi wiki iliyopita yenye moja tu, nikamwambia hiki ndicho ninachofanya na daktari, na wewe ukipenda kuomba, omba kwa ajili ya tarehe hizi. Alizitazama kwa muda mrefu. Tangu hapo yeye ndiye anayeuliza asubuhi kama nimekwisha kumeza, tena kwa sauti inayofika hadi kwa majirani, jambo ambalo sikuwa nimeliomba.

Kwenye kopo la chai vimebaki vipande kumi na kimoja, vyote vidogo. Mdogo wangu amevihesabu mara mbili. Daktari ananingoja Jumanne, na kama atasema tubaki hapa wiki nyingine nne, wembe upo.