Nyimbo za mchujo wa igizo la Krismasi: nani aliyezichagua, na alikuwa anampima nani?

Wakuu, nimekaa na hili dukuduku tangu Jumamosi nikidhani litapoa. Halijapoa. Naliweka hapa.

Usharika wetu wa hapa Dar (siutaji jina) mwaka huu umeamua kuandaa igizo la nyimbo kwa ajili ya Krismasi, na safari hii si la watoto wa shule ya Jumapili peke yao. Ni la familia nzima nzima: baba, mama, watoto, bibi akiwepo naye apande. Wazo zuri sana na nililipokea kwa mikono miwili. Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja naimba sauti ya pili kwaya kuu, mume wangu anaimba besi, tuna kijana wa miaka 13 na binti wa miaka 9, na mama mkwe wangu tunaishi naye tangu Pasaka. Tuliandikisha majina siku ya kwanza.

Orodha ya nyimbo za mchujo ikaletwa kwenye kundi la WhatsApp Alhamisi saa nne usiku. Mchujo Jumamosi saa tatu asubuhi. Nyimbo tatu, kila familia ichague mmoja. Mbili za Kiingereza, za kwenye filamu za Krismasi za Marekani, theluji mwanzo mwisho, maneno yanakimbia kiasi kwamba binti yangu angehitaji wiki mbili kuyashika. Wa tatu "Usiku mtakatifu". Nikashukuru Mungu, mpaka nilipofungua kiungo. Si ule tunaoimba kanisani. Ni toleo la mwanamama mmoja wa nje, madoido tupu, silabi moja anaizungusha kwenye noti saba nane, halafu beti la mwisho biti inapanda juu. Chini yake kamati wameandika: muimbe kama ulivyo, kwa biti hii hii, hakuna kinanda.

Hapo ndipo nilipojua kwamba aliyechagua hajawahi kukaa na mtoto akamfundisha wimbo.

"Usiku mtakatifu" unaonekana mwepesi kwa sababu kila mtu anaujua. Si mwepesi. Noti yake ya chini kabisa ni do (ile ya kwanza kwenye ngazi ya do, re, mi, fa, so, la, ti), unaikuta unapofunga beti. Ya juu kabisa ni fa ya oktava inayofuata, yaani ya ngazi ya juu yake, na inakuja muda mfupi tu kabla ya hapo, yaani unapandishwa mpaka kileleni halafu unateremshwa hadi chini kabisa ndani ya mistari miwili. Ni oktava nzima na noti tatu juu yake. Do yenyewe unaweza kuianzishia kwenye noti yoyote ya kinanda, na hizo zinaitwa kwa herufi. Ukiiweka kwenye B-flati au C, mtoto wa miaka tisa anaweza kufika akiandaliwa vizuri. Biti ya kamati inaanza do ikiwa D, halafu inapandishwa hadi E. Wenye kusoma nota hesabuni wenyewe hiyo fa iko wapi. Ni A ya juu! Kwenye kwaya kuu yetu ya watu wazima, noti hiyo mwalimu huwa anawapa dada wawili tu wa sauti ya kwanza, wengine tunaambiwa tukae kimya.

Na huyo ni binti. Kijana wangu sauti inavunjika. Mwaka jana alikuwa sauti ya kwanza, leo akipokea simu watu wanamsalimia wakidhani ni baba yake. Ana noti kama sita za kuaminika. Mtoto wa umri huo hatupwi kwenye biti ambayo haiwezi kumsubiri wala kumshukia. Anatafutiwa mstari anaoweza kuubeba, anaimba huo, anaondoka na heshima yake.

Mama mkwe ameimba solfa tangu usichana wake. Alisikiliza ile biti mara moja, akaniuliza, "Mwanangu, wimbo wenyewe unaanzia wapi hapa?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Sasa Jumamosi yenyewe. Kinanda kiko pale pale, kimefunikwa kitambaa. Mpiga kinanda yupo, amekaa benchi la nyuma. Biti inatoka kwenye simu kwenda kwenye spika ya Bluetooth. Zamu yetu ilipofika nikaomba kwa adabu kabisa: tuimbe na kinanda, washushe do mpaka C, ni kubonyeza kitufe tu. Nikajibiwa, "Mama, lazima iwe sawa kwa wote." Sawa kwa wote! Bibi wa miaka 70, mtoto wa miaka 9 na dada wa miaka 25 mwenye sauti ya kwanza wakiimba kwenye do moja, hiyo sawa iko wapi?

Tukaimba. Beti la kwanza lilienda. Biti ilipopanda, binti yangu akajaribu, sauti ikakatika, akajaribu tena, ikakatika. Akanigeukia. Wakazima biti wakasema asanteni.

Nataka watu waelewe hasira yangu inatoka wapi. Sijali kukosa nafasi. Kwenye mchujo kuna kupata na kukosa, nimeshachujwa mara mbili na sikuandika uzi. Lakini wimbo wa mchujo kazi yake ni kumwezesha anayesikiliza aijue sauti ya mtu: anaanza kwenye noti sahihi? Anashika mapigo? Maneno yanasikika? Akiimba na mwenzake anamsikiliza au anamfunika? Kwa biti ile wamepima kitu kimoja tu, nani anafika A. Na igizo lenyewe ni la horini, la wachungaji na kondoo. Hakuna mahali linapohitaji A.

Kinachouma zaidi, wimbo wenyewe ulivyozaliwa haukuwa na makeke hayo. Uliimbwa mara ya kwanza mkesha wa Krismasi mwaka 1818, Oberndorf kule Austria, padri Joseph Mohr na mwalimu Franz Gruber wakiuimba wawili, kwa gitaa. Gitaa tu. Leo sisi tunaambiwa bila biti hauendi.

Wangeniuliza mimi, au yeyote kati ya walimu watatu wa kwaya tulio nao, tungewapa nyimbo za maana dakika tano. Ule wa Isaac Watts wa furaha kwa ulimwengu ("Joy to the World"), kwa mfano. Mstari wa kwanza unashuka ngazi nzima, do ya juu, ti, la, so, fa, mi, re, do. Wimbo mzima uko ndani ya oktava hiyo moja. Mtoto akiimba mstari ule mmoja umeshamjua, huhitaji hata beti la pili. Au pambio lolote la Kiswahili la mwanzilishi na waitikiaji: bibi anaanzisha, wajukuu wanaitikia, baba anaweka besi. Hapo unaiona familia ikiimba, na si ndiyo mliyosema mnaitafuta?

Jumapili jioni wakaleta matokeo kwenye kundi. Kundi la watu zaidi ya mia mbili. Majina ya watoto, na pembeni maoni. La binti yangu limeandikwa "sauti haifiki". Mtoto wa miaka tisa! Mwenzake wa darasani akamsomea kesho yake shuleni. Huyu ni mtoto ambaye alikuwa haoshi vyombo bila kuimba. Toka Jumatatu anaosha kimya.

Ninachodai ni haya: maoni yale yafutwe kwenye kundi leo, mchujo urudiwe kwa kinanda, na kila familia iimbe kwenye do inayoiweza.

NYONGEZA: Kuna mkuu ameuliza kwa nini sikwenda kwa mchungaji kabla ya kuja hapa. Nilikwenda Jumatatu, akasema hilo ni la kamati. Mwenyekiti wa kamati nimempigia mara nne, mara ya mwisho akaandika yuko kikaoni. Na kwa yule aliyesema watoto wakomae: binti yangu alikesha na wimbo ule Ijumaa mpaka nikamlazimisha kulala. Usimfundishe kukomaa.

Walimu wa kwaya mlioko humu, mlishawahi kuchuja watoto na wazee pamoja? Mliwapa nyimbo gani, na do mliweka wapi? Nataka niende kwenye kikao cha Alhamisi na majibu ya watu wanaojua. Nikitoka huko nitaleta mrejesho.