Mita 60 zinatosha kuamua nani ajenge bondeni?

Wakuu, kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sawa. Ila mto Msimbazi, hapa Dar, haupimi kwa tepu. Jangwani unajaza bonde zima, na kwingine mtu yuko mita 40, juu kwenye mwinuko mkavu, ukuta umepigwa X ya kubomolewa.

Jirani yangu yuko nje ya mita 60, kibali anacho. Alimwaga malori ya kifusi, kiwanja kikapanda karibu mita moja, akazungushia ukuta. Kwake haliingii tone. Maji yaliyozoea kupita pale sasa yanapita sebuleni kwangu. Mstari wa tope upo ukutani, usawa wa soketi. Nilipolalamika niliulizwa: "Kwani yuko ndani ya hifadhi ya mto?" Hayuko. Faili likafungwa.

Nasema hivi: mwombaji wa kibali cha kujenga aonyeshe maji yalifika kimo gani kwenye mafuriko ya Desemba 2011, na kifusi chake kitayasukumia kwa nani. Umbali uje baadaye.

— Mkuu, mpimaji analipwa na nani? Wengi bondeni tumejenga chumba na sebule bila kibali chochote. Hapo unawakomoa wanaofuata utaratibu tu.

— Hapo umenishika. Basi halmashauri ichore ramani mara moja, ibandikwe ofisi ya serikali ya mtaa, mwombaji asitozwe. Ramani Huria, wale wa mradi wa kuchora ramani za mafuriko, walishazunguka mitaani na wakazi wakionyesha maji yalipofika. Kazi haianzi sifuri.

— Ramani itasema hatari, halafu? Mimi ni wa Mabwepande, tulihamishiwa huku kutoka bondeni baada ya mafuriko ya 2011. Kiwanja kikavu, lakini riziki ilibaki Kariakoo. Wenzangu kadhaa walirudi bondeni wakijua kabisa.

— Dada, hao sidhani ndio wa kubanwa kwanza. Anayeweza kununua malori 30 ya kifusi ndiye anayebadilisha mkondo.

— Na karakana ya mabasi ya mwendokasi iliyojengwa Jangwani? Ile haikujengwa na mtu wa chumba na sebule. Wahandisi walikuwepo, michoro ilikuwepo, na mvua zilipokolea mabasi yaliogelea. Hiyo ramani yenu nani atamwonyesha serikali anapojenga yeye?

— Swali hilo sina jibu lake, mkuu. Mwenye nalo aliweke.