Majani ya mstafeli kwa mgonjwa wa sukari na presha, naombeni ushauri

Binti_Mkubwa: Habari zenu wakuu. Mama ana kisukari na presha, anatumia metformin na vidonge vya presha. Jirani kamletea majani ya mstafeli, kamwambia achemshe anywe asubuhi na jioni, vidonge aviache taratibu. Mama keshakubali, maana hata bibi alituchemshia tukikosa usingizi. Je, ni salama? Na tunda ale?

Mzee_wa_Mizizi: Binti, jani hilo ni dawa ya siku nyingi: homa, presha, usingizi. Mbegu husagwa kuua chawa, ila zina sumu, asizitafune, na unga wake usiguse macho kabisa. Lakini kuacha vidonge, hapana! Mimi natibu kwa mitishamba na hilo simwambii mgonjwa yeyote.

Kijana_Mtafiti: Mbona inasemekana stafeli linaponya saratani kuliko hata kemo, zile dawa kali za saratani za hospitali?

Nesi_wa_Zamu: Ndugu, hayo yalionekana kwenye seli za maabara. Kwa binadamu haijathibitishwa, na kuna wagonjwa wanachelewa hospitali kwa kuliamini hilo.

Dada Binti, majani hayo yanaweza kushusha sukari na presha. Akiyanywa pamoja na vidonge, sukari na presha vinaweza kushuka kupita kiasi. Akitokwa jasho, akitetemeka au akichanganyikiwa, mpime sukari. Ikiwa chini na anaweza kumeza, mpe kinywaji chenye sukari upesi, kisha mpeleke kituo cha afya. Akiacha vidonge, sukari inapanda kimyakimya hadi iharibu figo na macho.

Tena mstafeli una anonasini, kemikali inayodhuru seli za neva. Mwaka 1999 watafiti wa kisiwa cha Guadeloupe, huko Karibea, waliwakuta watu wenye ugonjwa unaofanana na Parkinson (ugonjwa wa neva wa kutetemeka na kukakamaa mwili), usiosikia dawa zake za kawaida, na wengi wao walikuwa watumiaji wa matunda na chai ya miti ya jamii hii. Haikuthibitisha kwamba mti ndio chanzo, ila chai ya kila siku kwa miezi siwezi kumshauri mzazi wa mtu.

Binti_Mkubwa: Asante sana dada. Nimemsomea, amekubali kurudi kwenye vidonge vyake. Ila tunda analipenda mno.

Nesi_wa_Zamu: Ale kipande kidogo mara mojamoja, bila mbegu, asikamue juisi. Lina sukari yake, kwa hiyo apunguze wanga kwenye mlo huo na ajipime baada ya saa 2. Na kliniki mwambieni daktari kwamba alikunywa majani, hata asipoulizwa.