Honda wataleta lini pikipiki ya cc 250 ya silinda nne?

Mwendo Mdundo: Wakuu habari zenu, hivi tangu Kawasaki watoe ZX-25R kule Indonesia 2020, cc 250 tu lakini silinda nne na mshale wa mizunguko ya injini unapanda mpaka 17,000 kwa dakika, mi nasubiri Honda wajibu mapigo na naona kimya. CBR250RR yao naipenda sana ila ni silinda mbili. Kwanini hawaleti jamani?

Kofia Ngumu: Mkuu injini hizo ni ghali kutengeneza, valvu 16 na pistoni nne ndogooo, bei inakaribia ya pikipiki kubwa. Ila Honda sio wageni, miaka ya 90 walikuwa nayo, jina hilohilo CBR250RR na silinda nne, ule mlio wake we acha tu.

Dada wa Osaka: Mi niko Japani, huku cc 250 kushuka chini haiendi ule ukaguzi wa lazima wanaouita shaken, unaokula hela kweli, ndo maana watu wanazing'ang'ania. Indonesia nako kodi ya anasa inaanza ukivuka 250. Soko lipo, wakiileta nauza yangu siku hiyohiyo.

Mwendo Mdundo: Asante dada, nilidhani ni mambo ya leseni tu.

Kofia Ngumu: Ila ukiendesha mjini mkuu, silinda mbili inavuta mapema, hiyo ya nne bila kuipandisha mizunguko juu haikupi kitu. Hata hivyo nami naitaka.